Hukumu Niliyoisoma kama Riwaya

Hukumu ya McFarlane dhidi ya McFarlane, Uingereza, 2006, nimeisoma kama riwaya. Nilianza nikimnunia mke: pauni 250,000 za matunzo kwa mwaka, na bado analalamika?

Kumbe. Mke mwanasheria, mume mhasibu, wote wanalipwa vizuri. Mke anaacha kazi, watoto wanafika watatu, mume anazidi kupanda. Ndoa inavunjika baada ya miaka 16. Mali, kama pauni milioni 3, wanagawana nusu kwa nusu. Ugomvi ni mapato ya kesho: Mahakama ya Rufaa iliyawekea matunzo ukomo wa miaka 5, majaji wa juu wakaufuta.

Walipima kwa maneno matatu: mahitaji, kugawana, fidia. Hilo la tatu ndilo lililonibadili. Fidia ni bei ya maisha ambayo mke hakuyaishi, na hakuna hati ya benki inayoyaonyesha.

Kasoro yake? Mke anasimuliwa tu, sauti yake haisikiki. Hivyo hivyo kwa Bi Hawa Mohamed wa Tanzania, 1983: Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, lakini yeye mwenyewe hakupata mgao, eti fedha alizopewa na mumewe alizitapanya. Kanuni ilishinda, mhusika akashindwa.

Wapenzi wa fasihi, maandishi haya tusiwaachie wanasheria peke yao. Upande wa jikoni bado haujaandikwa.