Koroboi Mbele ya Majaji Watatu

"Nilimwona kwa mwanga wa taa." Katika kesi nyingi za mauaji ya usiku, hatia husimama juu ya sentensi kama hiyo. Ikifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, maswali yanaanza upya. Taa gani: koroboi, chemli au balbu ya umeme? Ilikuwa wapi, na ilimulika eneo la ukubwa gani? Katika rufaa moja iliyosajiliwa mwaka 2005, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba haitoshi shahidi kusema mwanga ulikuwepo, kwa kuwa taa hazilingani kwa ukali. Hata anayedai kumfahamu mshitakiwa miaka yote hasameheki kueleza.

Majaji watatu wanaosikiliza rufaa hawamwoni shahidi akisita kizimbani. Wana mwenendo wa kesi tu, ulioandikwa Mahakama Kuu. Ndiyo maana humheshimu jaji aliyemwona shahidi kwa macho, ila rufaa hii ikiwa ya kwanza, kanuni zinawaruhusu kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wao wenyewe.

Kwanza wanachuja ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi. Maelezo ya onyo (kauli ya mtuhumiwa kwa polisi baada ya kuonywa) yaliyochukuliwa baada ya hapo, bila muda kuongezwa kisheria, yamo hatarini kufutwa. Taarifa ya uchunguzi wa maiti iliyopokelewa kama kielelezo bila kusomwa mahakamani nayo huondolewa. Hapo mrufani asishangilie mapema: ikiwa daktari alieleza kwa mdomo chanzo cha kifo, ushahidi wake unabaki na unaweza kutosha.

Kisha kinapimwa kilichosalia. Kuhusu utambuzi, kipimo ni uamuzi wa mwaka 1980 katika kesi ya mrufani aitwaye Waziri Amani: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, na je, alimjua kabla? Uwezekano wa kumfananisha usipoondoka wote, utambuzi hautegemewi. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea.

Majaji huangalia pia alimtaja mtuhumiwa lini. Aliyemtaja usiku uleule kwa majirani au polisi huaminika zaidi. Aliyenyamaza wiki nzima bila sababu huzua shaka.

Pasipo shahidi wa macho, ushahidi wa mazingira unaweza kutia mtu hatiani, mradi mambo yote yaelekee kwa mshitakiwa na yasipatane na maelezo mengine yoyote yenye mantiki yanayomwondolea hatia.

Shaka ya msingi ikibaki, mrufani huachiwa. Ikithibitika aliua lakini bila dhamira ovu, kosa hugeuzwa kuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kwa mauaji ya kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaamuru kunyongwa.