Kufuli Lisilomjua Mwenye Nyumba: Tahakiki ya Ulinzi wa Diski za Filamu

Uhakiki wa filamu katika Kiswahili umezoea kuuliza kuhusu hadithi, wahusika, lugha na maudhui. Mara chache huuliza swali linalotangulia hayo yote: je, mtazamaji anaweza kuifikia filamu yenyewe? Makala haya hayahakiki filamu fulani. Yanahakiki kitu kinachosimama kati ya filamu na mtazamaji, yaani ulinzi unaowekwa ndani ya diski ili isidurufiwe. Hoja yangu ni kwamba ulinzi huo, jinsi ulivyobuniwa, humbana mnunuzi mwaminifu kuliko haramia, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuujali.

Kwanza tutazame unavyofanya kazi. DVD zilipoingia sokoni mwaka 1996, kampuni za filamu zilitaka picha na sauti zifichwe kwa msimbo uitwao CSS. Deki iliyoidhinishwa hupewa ufunguo wa kuufumbua. Mwaka 2006 zikaja diski za Blu-ray, zenye picha kali zaidi na kufuli kali zaidi, AACS. Kufuli hili lina jambo jipya: ufunguo wa kifaa unaweza kufutwa baada ya kifaa kununuliwa. Funguo zilipovuja mwaka 2007, watu waliotumia baadhi ya programu za kuchezea filamu kwenye kompyuta walilazimika kuzisasisha kwanza, la sivyo diski mpya zingekataa kufunguka. Hawakuwa wamevujisha chochote, ila adhabu iliwafikia wao.

Juu ya kufuli kuna mipaka. Ulimwengu wa DVD uligawanywa katika maeneo makuu sita. Burundi na jirani zake waliwekwa katika eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Ubelgiji na nchi za Ghuba ziko eneo la 2, na Marekani eneo la 1. Basi ndugu aliye Brussels akinunua DVD halali na kuituma Gitega, deki iliyofungwa kwa eneo la 5 itaikataa. Hapo hakuna aliyeiba. Kinacholindwa hapo ni uhuru wa kampuni kupanga bei na tarehe za mauzo nchi kwa nchi. Jasho la msanii halihusiki. Blu-ray ilipunguza maeneo hadi matatu na kuiweka Afrika pamoja na Ulaya, lakini mpaka wenyewe ulibaki.

Linganisha sasa na diski ya haramia, ile yenye filamu nyingi zilizobanwa pamoja. Haina msimbo, haina eneo, haiombi kusasishwa, na huchezeka katika deki yoyote. Aliyelipa bei kamili anapewa masharti, na aliyenunua nakala ya wizi anapewa uhuru. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Na nyasi hapa ni mlaji.

Kuna kesi moja inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa Norway mwenye umri wa miaka 15, alishiriki kutengeneza programu ya kufungua CSS. Alishtakiwa, na mahakama ya Oslo ikamwachia huru Januari 2003. Mahakama ya rufaa ikathibitisha Desemba mwaka huohuo. Mantiki ya uamuzi ni nyepesi kueleza: diski alikuwa amezinunua kihalali, na mwenye diski yake ana haki ya kukitazama kilichomo. Marekani ilikuwa imeshika njia nyingine kwa sheria ya mwaka 1998, inayokataza kuvunja kufuli hata pale ambapo matumizi yanayofuata yangekuwa halali. Ubaya wa njia hiyo ulionekana upesi. Ilibidi serikali itoe ruhusa maalumu mwaka 2006 kwa wahadhiri wa filamu, na mwaka 2010 kwa wanafunzi wa filamu pia, ili waweze kukata vipande vifupi kwa ajili ya uhakiki na mafunzo.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Sheria ya hakimiliki, popote ilipo, ina pande mbili. Humpa mtunzi haki, na humwachia msomaji nafasi: kunukuu, kufundisha, kuhakiki. Mkataba wa Berne unaitambua haki ya kunukuu, na Burundi ina sheria yake ya hakimiliki ya tarehe 30 Desemba 2005. Kufuli halina pande mbili. Halimtofautishi anayedurufu nakala elfu na mwanafunzi anayetaka dakika mbili za mazungumzo ili achambue lahaja ya wahusika. Sheria husikiliza sababu, lakini kufuli halina masikio.

Mtu anaweza kunijibu kwamba wasanii wetu wameumizwa na uharamia kuliko na kufuli lolote. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Filamu za Bongo za enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ziliuzwa kwa wingi kwenye diski ambazo nakala zake zilikuwa rahisi kutoa, na aliyezitoa hakumlipa mwigizaji hata senti. Lakini tazama dawa iliyochaguliwa. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu. Stempu ina kasoro zake: inaweza kughushiwa, na ikishavuka mpaka wa Kobero na kufika Muyinga haina nguvu ya kisheria. Hata hivyo msingi wake ni wa haki zaidi. Swali lake huliuliza kwa muuzaji. Mnunuzi akishalipa, huachwa na mali yake.

Ipo pia sanaa ambayo isingezaliwa kama makufuli yangefanya kazi kama yalivyokusudiwa. Lufufu jijini Dar es Salaam na Yanga nchini Rwanda walichukua filamu za kigeni wakazisimulia upya kwa lugha za watazamaji wao. Hapa Burundi, anayeelewa Kirundi huisikia kazi ya Yanga bila mkalimani. Siwatetei kwa kila kitu, maana wenye filamu walistahili malipo. Ninachosema ni kwamba mhakiki wa lugha hawezi kuwafuta kwa neno moja, uharamia, kisha akadhani amemaliza kazi.

Hatari kubwa zaidi ni ya muda. Diski huchubuka, deki huharibika na kampuni hufungwa. Kitabu cha zamani husomeka kwa macho tu. Diski iliyofungwa huhitaji ufunguo wa mtu ambaye huenda hayupo tena. Maktaba isiyoruhusiwa kutoa nakala ya akiba inatunza plastiki, haitunzi filamu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ya kujadiliwa. Sheria zetu zitamke wazi kwamba anayefungua diski yake halali ili atazame, anukuu, afundishe au ahifadhi si mhalifu. Vyuo na maktaba viruhusiwe kuhamisha filamu kutoka diski zinazochakaa. Na ukali wa dola uelekezwe kwa anayedurufu ili auze. Msanii atalindwa vilevile, na mtazamaji aliyemlipa hatatendewa kama mtuhumiwa mbele ya deki yake mwenyewe.