Mzima Kwanza, Ndovu Baadaye

Watazamaji wengi wa filamu za wanyamapori humpima mnyama badala ya kuipima filamu. Simba akiangusha nyati, filamu inasifiwa. Chura akitokea, watu wanashika simu zao. Kwa kipimo hicho, kazi bora kabisa ya Mark Deeble na Victoria Stone ingeshika mkia, kwa kuwa kinachoibeba kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kinyesi cha kiboko.

Deeble na Stone ni mume na mke, Waingereza waliohamia Afrika Mashariki miaka ya 1980. Mkazi wa Voi ana sababu ya pekee ya kuzipanga filamu zao kwa ubora: mbili kati ya zinazojulikana zaidi zimepigwa katika hifadhi ya Tsavo nchini Kenya, mlangoni pake. Anaijua rangi ya vumbi la huko. Anajua nyasi zinavyokuwa mwezi wa Septemba kabla ya vuli, na madimbwi hukaa na maji kwa muda gani. Hakuna mhakiki wa London aliye na silaha hiyo.

Nafasi ya kwanza ni ya Mzima: Haunt of the Riverhorse, ya mwaka 2001. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Maji hayo ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa kwenye mawe ya volkano, na sehemu yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Ni maangavu kiasi kwamba kamera iliyozama humwona kiboko akitembea juu ya mchanga kama yuko nchi kavu. Hapo ndipo ufundi unapoanza kujionyesha. Usiku kiboko hula nyasi bondeni, mchana hurudi na kuziacha majini kama kinyesi. Wadudu na samaki hula kinyesi hicho, na samaki haohao huisafisha ngozi yake. Mamba na ndege nao wana fungu lao. Filamu haihitaji kuusifu mnyororo huo, inaupitia pete kwa pete, na mtazamaji anafikia mwisho akijua kwamba kiboko akiondoka chemchemi nzima itakosa chakula. Ukame wa mwaka 2009, uliomaliza nyasi na kuwaua viboko wengi wa Mzima kwa njaa, uliipa filamu uzito ambao watengenezaji wake hawakuupanga: ikawa kumbukumbu ya chemchemi ilivyokuwa kabla.

Deeble na Stone hawakuwa wa kwanza kuzamisha kamera pale. Watengenezaji filamu Alan na Joan Root waliwatangulia, na Alan aliwahi kung'atwa mguu na kiboko papo hapo Mzima. Ndiyo maana anayetaka kuhukumu picha za chini ya maji atazame umbali. Kiboko akijaza fremu huku mchanga na samaki walio kando yake wakionekana wazi, mpiga picha alikuwa karibu, na ukaribu huo ulikuwa na gharama. Atazame pia mikato. Tukio likipita bila kukatwa, mnyama na mazingira yake vikiwa pamoja kwenye picha moja, limetokea kweli. Likikatwa vipande vidogo vidogo, jicho likaonyeshwa peke yake na meno peke yake, huenda limeundwa kwenye meza ya mhariri.

The Queen of Trees, ya mwaka 2005, iko nyuma kwa hatua moja tu, na wapo watakaoipa ushindi. Malkia wake ni mkuyu, na mwenzake ni nyigu mdogo anayeweza kupita kwenye tundu la sindano. Nyigu jike hujipenyeza ndani ya tunda, mabawa yakang'oka mlangoni, akataga mayai na kufia humo. Madume wa kizazi kipya huzaliwa bila mabawa, wakatoboa njia ya kutokea, wakafa. Majike hutoka na chavua kwenda kutafuta mkuyu mwingine. Kupiga picha hayo ndani ya kuyu ni kazi ya subira isiyo na mfano, na tuzo ya Peabody iliyopewa filamu hiyo ilistahili. Inaachwa nyuma kidogo na Mzima kwa sababu maelezo ya msimulizi yanalazimika kuwa mengi.

Ya tatu ni The Elephant Queen, na hapa ubishi ni mkali, kwa maana ndiyo maarufu kuliko zote. Ilipigwa Tsavo kwa miaka minne, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2018, ikanunuliwa na Apple. Picha zake za dimbwini ni hazina: kamera imeshuka hadi usawa wa chura na mbawakawa, na unyayo wa ndovu unaonekana ukishuka kama dari. Lakini sauti ya msimulizi, Chiwetel Ejiofor, nzuri ilivyo, inatueleza mno Athena, ndovu jike anayeongoza kundi, anahisi nini. Kifo cha ndama wakati wa ukame hakikuhitaji msaada wa maneno wala muziki.

Kasoro ya pili wataiona watu wa Sagalla, jirani na Tsavo, mapema kuliko wengine. Wao huzungushia mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki, mbinu iliyojaribiwa huko pamoja na watafiti wa Save the Elephants, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki. Ndani ya filamu, Tsavo karibu haina binadamu. Ilhali Satao, dume la pembe ndefu linaloonekana humo, liliuawa kwa mshale wa sumu mwaka 2014.

Ya nne, A Tale of the Tides, iliyopigwa pwani ya Kenya, inapendeza na kuteleza upesi. Ya mwisho ni Here Be Dragons, ya mwaka 1990, kuhusu mamba wa mto Grumeti huko Serengeti. Mashambulizi yake yanatisha hata leo, na mtu akitaka msisimko wa saa moja ataupata. Hata hivyo nyumbu humo ni windo tu, na mto ni uwanja wa kuulia.

Mwenye nafasi ya kutazama moja tu aanze na Mzima, kisha afunge safari hadi chemchemini, ashuke kwenye chumba cha vioo kilicho chini ya maji, na ahakikishe mwenyewe.