Pikipiki Iliyotumika: Angalia Pasipopakwa Rangi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haina nguvu mahali pikipiki zilizotumika zinapouzwa. Mjini Mbarara, Uganda, iliyo mbaya ndiyo mara nyingi inayong'aa kuliko zote: imeoshwa kwa dizeli, tenki limepakwa rangi, siti imevikwa ngozi mpya na stika zimebandikwa upya. Iliyo nzuri unaweza kuikuta pembeni, ina tope la jana, na mwenyewe hana haraka ya kuzungumza nawe.

Anayeshuka mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kutafuta pikipiki hubeba fedha ambayo hawezi kuipata mara mbili: akiba ya kikundi, mavuno ya mahindi ya misimu kadhaa, au pesa aliyotumiwa na ndugu aliye ng'ambo. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaoishi humo hutegemea pikipiki kwa kila kitu. Ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku ndiyo inayompeleka mgonjwa kituo cha afya. Kati ya kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo, barabara ni za murramu. Kwa hiyo jicho la mnunuzi lipite haraka juu ya rangi na likae pale ambapo muuzaji hakuona haja ya kupamba.

Jua ilikuwa inafanya kazi gani

Uliza kwanza ilibeba nini, ndipo uulize ina kilomita ngapi. Namba ya kilomita haina maana sana, kwa sababu waya wa spidi hukatika na ukaachwa hivyo miaka. Pikipiki ya abiria inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, imekwisha kwenda kilomita 30,000 kabla ya mwaka wa pili kuanza. Ikiwa kioo kinasoma 14,000 lakini mpira wa kukanyagia umelika hadi chuma na pedali ya breki imekuwa laini kama sabuni iliyotumika, amini mpira na pedali.

Kila kazi huacha alama yake. Iliyobeba makopo ya maziwa kwa wafugaji wa Ankole huchoka nyuma: angalia keria, shokapu na mahali fremu ya siti inapoungana na chasisi. Iliyobeba mikungu ya matoke ya Isingiro huwa na mikwaruzo pande zote mbili na vyuma vya ziada vilivyochomelewa. Iliyobeba abiria mjini hulika klachi na breki kwa kusimama na kuondoka mchana kutwa, lakini chasisi yake mara nyingi bado ni nzima. Kwa bei moja, chukua ya abiria wa lami kuliko ya matoke ya milimani.

Zipo pia zilizotoka kwenye mashirika ya misaada, kama Yamaha AG100 na Honda XL125. Zilitunzwa kwa ratiba na zina umbo la kuvumilia njia mbaya. AG100 hata cheni yake imefunikwa. Lakini kabla ya kulipa, uliza spea. Spea za Bajaj Boxer utazipata karibu kila senta ya biashara, na TVS haiko mbali. Pikipiki bora isiyo na spea ni pikipiki iliyosimama.

Iwashwe ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe hadi ufike. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ina joto, imetayarishwa kwa ajili yako. Subiri ipoe au rudi kesho asubuhi. Ugonjwa mwingi wa injini huonekana katika dakika ya kwanza ya asubuhi, kisha hujificha.

Swichi ikiwa imezimwa, shusha kiki polepole kwa mkono. Inapaswa kufika mahali ikakataa, ikabana, ndipo ipite. Kiki inayoshuka bila upinzani wowote inasema ringi zimechoka au valvu hazifungi.

Sasa iwashwe, nawe usimame nyuma ya egzosi. Kwa injini ya mipigo minne kama Boxer, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo wakati wa kuwasha kisha ukakoma, shuku sili za valvu. Ukitoka kila inapovutwa mafuta, ni ringi na silinda. Moshi mweusi ni petroli nyingi: kabureta, au chujio lililoziba, na hayo hutengenezeka kwa bei ndogo. Sheria hii haihusu AG100, kwani injini ya mipigo miwili huchoma oili kwa maumbile yake.

Kisha sikiliza. Mlio mwembamba wa tik-tik juu ya kichwa cha injini ni wa valvu, na hurekebishwa. Mkwaruzo wa upande mmoja unaopungua injini ikipata joto huenda ukawa cheni ya ndani. Mlio mzito kutoka chini, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, ni beringi za mkono wa pistoni. Hapo mshukuru mwenyeji na uondoke.

Oili na vumbi

Boxer hutumia oili kidogo, karibu lita moja, na oili hiyo hiyo ndiyo inayohudumia injini, gia na klachi. Fungua kifuniko cha oili uchovye kijiti. Oili nyeusi si kosa. Ni oili iliyofanya kazi. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Isugue kati ya vidole viwili uiangalie juani: vinavyometameta ni chuma cha ndani kinachosagika. Na ikiwa ni nzito mno, haidondoki kutoka kwenye kijiti, kuna mtu ametia oili ya gia ili kunyamazisha kelele.

Baada ya oili, fungua kifuniko cha chujio la hewa. Kwa anayenunua kwa ajili ya Nakivale, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Wakati wa kiangazi vumbi la murramu husimama hewani baada ya kila gari kupita. Vumbi hilo likipita kwenye kabureta husaga silinda na ringi bila mtu kusikia lolote. Wapo madereva wanaoondoa chujio kabisa ili pikipiki ivute vizuri, na huvuta kweli kwa miezi michache. Ukikuta sanduku tupu, au sponji iliyochanika, hesabu kwamba injini imekula mchanga, hata kama bado inaimba vizuri.

Uliza pia kama silinda imewahi kuchongwa. Muuzaji mkweli hujibu mara moja. Pistoni za spea kwa kawaida huuzwa za saizi ya kwanza, kisha kubwa zaidi kwa hatua ya milimita 0.25, hadi 1.00. Iliyochongwa mara moja kwa fundi mzuri haina aibu. Iliyofika 1.00 haina tena nafasi ya kuchongwa. Kinachofuata ni silinda mpya.

Chasisi, magurudumu, cheni

Tafuta rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu, hasa kwenye shingo ya chasisi ambapo usukani umeshikwa. Chini ya rangi hiyo mara nyingi kuna ufa uliochomelewa. Kuchomelea keria ni jambo la kawaida. Shingo iliyochomelewa ni ya kukataa, kwa kuwa ndiyo inayobeba uhai wa dereva na abiria wake.

Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani taratibu. Ukishikwa kidogo katikati, beringi zake zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni bushi au beringi. Vuta cheni kwa nyuma kutoka kwenye sproketi: nusu ya jino ikionekana, andaa fedha ya seti mpya. Mwisho, mtu aiendeshe moja kwa moja kupita kwenye dimbwi hadi mahali pakavu, na wewe uangalie alama. Tairi la nyuma likifuata la mbele, chasisi imenyooka. Alama zikiwa mbili, uliza ilianguka wapi.

Ipande mwenyewe

Usikubali kuzungushwa uwanjani. Ipandishe mlima ukiwa na mtu nyuma. Injini ikipiga kelele zaidi bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gia ikiruka yenyewe kurudi huru chini ya mzigo, kuna meno yaliyolika ndani, na injini italazimika kupasuliwa. Ukirudi, iache ingurume bila kuvuta mafuta, uzime, uwashe tena. Inayowaka baridi lakini ikakataa ikiwa na joto itakuaibisha mbele ya abiria.

Karatasi

Soma namba ya chasisi kwenye shingo na namba ya injini ubavuni, herufi kwa herufi, ukilinganisha na kadi ya umiliki. Tarakimu zisizo na kimo kimoja, au mahali palipopigwa msasa, hazina maelezo mazuri. Uliza kadi halisi iko wapi. Pikipiki nyingi za boda hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji, kama Tugende, hubaki na umiliki hadi deni liishe. Picha ya kadi kwenye simu haitoshi.

Andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwenye makazi mjulishe pia kiongozi wa RWC, baraza la ustawi wa wakimbizi, kisha ufuatilie uhamisho wa umiliki hadi mwisho. Epuka kuiandikisha kwa jina la rafiki kwa sababu tu yeye ana kitambulisho cha kurahisisha mambo. Siku mtakapokosana, pikipiki itakuwa yake.

Hesabu ya mwisho

Njoo na fundi wako na umlipe wewe; fundi aliyeletwa na muuzaji ni mdomo wa pili wa muuzaji. Tairi, cheni, klachi, plagi na kelele za valvu ni sababu za kupunguza bei. Moshi wa bluu ni sababu ya kutoa gharama yote ya kutengeneza silinda kwenye bei, si nusu yake. Mlio mzito wa chini, shingo iliyochomelewa na namba zilizochezewa havina bei. Na ukiwa na mbili mbele yako, moja inayong'aa bila chujio, nyingine chafu yenye chujio safi na kadi mkononi, lipia ile chafu.