Mgeni wa Nairobi katika Ngewa za Kitui na Makueni

Katika uhakiki wa riwaya zetu imekuwa desturi kumtaja mhusika aingiaye jiji kuu kwa mara ya kwanza kana kwamba ni mtu mmoja tu, abadilishaye jina kutoka kitabu hadi kitabu. Hutoka shamba hajui hili wala lile, hupigwa na bumbuazi mbele ya magorofa, huibiwa au hudanganywa, kisha huanguka. Mhakiki akishamwita “mshamba” huona kazi yake imekwisha, asikumbuke kwamba neno hilo si istilahi ya uhakiki bali ni tusi la mjini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mhusika huyo ni nusu tu ya habari, na kwamba nusu ya pili imebaki vinywani mwa wasimulizi ambao hatujawapa sikio. Nitawatazama wale wa Kitui na Makueni, kwa kuwa ndio niwajuao.

Sisemi kwamba waandishi wamekosea. Meja Mwangi, katika Kill Me Quick (1973), ametuchorea vijana wawili, Meja na Maina, waliokwenda mjini na elimu yao ya shule wakaishia vichochoroni wakila vya majalalani. Kwa maoni yangu, sehemu nzito kuliko zote katika kitabu hicho si ile ya njaa wala ya jela, bali ile ambapo Meja anafika karibu kabisa na kwao na kushindwa kuwakabili wazazi wake mikono mitupu. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), amemwonyesha Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba yake, akitoka kifungo kimoja na kutumbukia katika kingine cha ulevi na ukahaba. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni, alimpa kauli mwanamke wa ofisini Nairobi katika After 4.30 (1974), lakini huyo naye amekwisha kuwa mtu wa mji tunapokutana naye. Kazi zote hizi zina ukweli wake. Hata hivyo, ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba macho yanayomtazama mgeni ni ya mtu aliyekwisha kuujua mji. Yanamwona akija. Ni nadra yamwone akirudi, akaketi kitako na kueleza aliyoyaona.

Katika Kikamba hadithi huitwa ngewa. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alilitia neno hilo katika jina la kitabu chake Mutunga na Ngewa Yake (1954), na mwaka 1966 akatoa mkusanyo wa Akamba Stories. Wakusanyaji wa fasihi simulizi kwa jumla wamependelea ngewa za wanyama na za maimu, yale mazimwi yalayo watu. Ngewa ya mtu aliyekwenda Nairobi akarudi haikuhesabiwa kuwa fasihi. Ilidhaniwa kuwa ni mazungumzo tu. Hapo ndipo tulipokosea, maana ina fani yake, ina mipaka yake, na hadhira yake huijua vema kiasi cha kumsahihisha msimulizi.

Nitatoa mfano mmoja, niliousikia mara nyingi utotoni kutoka kwa nyanya yangu, upande wa Mutomo. Alikwenda Ilovi, kama Wakamba waitavyo Nairobi, mwaka wa njaa. Ukambani miaka hutambulishwa kwa njaa zake, na hii ilikuwa ile ya 1984 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani “nafa nikiwa nimeshika”: watu walikuwa na fedha mkononi, chakula cha kununua hakipo. Nyanya hakukosa kuongeza kwamba yeye hakuwa na hata cha kushika, kwani babu alikuwa amenyamaza huko mjini tangu mvua zilipokatika. Basi wanawake wa mwethya wake, yaani kile kikundi cha kulimiana na kuchimba matuta, wakachanga nauli na kumwambia aende akamtafute.

Alishuka katika kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, akiwa na kibuyu cha maji, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba Ilovi maji hununuliwa. Alikuwa pia na bahasha yenye namba ya sanduku la posta, naye aliwaomba wapita njia wamwonyeshe hilo sanduku analokaa mumewe. Kuvuka barabara kulimshinda. Alisimama hadi alipomwona hamali mmoja akivuka na mkokoteni wake uliosheheni. Akaushika kwa nyuma, akavuka nao, na kwa kuogopa kuuachia akausukuma mpaka ndani ya soko la Gikomba, ambako hakuwa na haja yoyote. Hamali alipogeuka na kumwona alidhani ni kibarua, akampa shilingi mbili. Hapo hadhira yote huangua kicheko. Halafu, baada ya vicheko kutulia, msimulizi husema: “Nikafika kwake, nikaona, nikalala, asubuhi nikapanda basi.” Na mara amekwisha kufika nyumbani, anahesabu mbele ya wanawake wa mwethya: nauli kiasi hiki, chai kiasi hiki, unga pakiti mbili, na zile shilingi mbili za mkokoteni zimekabidhiwa mweka hazina.

Msomaji atazame uwiano wa sehemu za ngewa hii. Mkokoteni hula nusu ya jioni. Chumba cha babu hupewa sentensi moja. Mhakiki wa “mshamba” angeshika kichekesho cha sanduku la posta na kuridhika. Lakini mwenye kujicheka hapa ni msimulizi mwenyewe, akiwa amerudi salama, tena amerudi na ujira. Na hesabu ya mwisho si pambo. Ndiyo sababu ya ngewa kuwapo. Waliochanga nauli wana haki ya kujua nauli yao ilikwenda wapi. Kwa hiyo naiona ngewa hii kuwa ni ripoti kwanza na burudani baadaye, na kanuni zake zote, yaani bei zinazotajwa, majina ya vituo, hadhira inayouliza “na chai ilikuwa shilingi ngapi?”, zatokana na kwamba mgeni hakwenda peke yake hata alipokuwa peke yake barabarani.

Kwamba alipaye nauli ndiye asikilizaye si jambo la Ukambani tu. Selim bin Abakari, ambaye habari zake za safari ya Urusi zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901, alifika katika miji mikuu ya huko akifuatana na bwana wake Mdachi, na aliyoyaandika yalichapishwa kwanza kwa manufaa ya Wadachi waliojifunza Kiswahili. Tungepata maandishi mengine kabisa kama nauli ingelitoka kwa jamaa zake.

Kwa Wakamba, kwenda mbali kwa niaba ya wengine ni jambo la kale kuliko Nairobi yenyewe. Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui ambaye Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849, aliongoza misafara hadi pwani wakati ambapo mahali pa Nairobi palikuwa pori na maji ya baridi. Reli ilifika hapo mwaka 1899 tu. Na mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya watu wa wilaya ya Machakos ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kudai kuonana na gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Wengi wao walitoka vilima vya kaskazini, lakini wilaya hiyo ilijumuisha Makueni hadi 1992. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kifungoni, ng'ombe walirudishwa. Bila shaka walikuwamo wengi ambao siku hiyo ndiyo ya kwanza kuliona jiji. Sijui ni riwaya gani yetu yenye nafasi ya kuwatia wageni wa namna hiyo, walioingia mjini na madai badala ya mshangao.

(Abiria wa reli ya 2017 apandaye Kibwezi au Emali hushukia Syokimau, mahali penye jina la nabii wa kike ambaye, kwa masimulizi ya Wakamba, aliagua ujio wa nyoka mrefu kabla ya reli ya kwanza kujengwa. Mgeni huyo hupokewa langoni na jina la kwao.)

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba naitukuza ngewa ili kuidunisha riwaya. Ngewa husimuliwa na aliyerudi. Aliyelowea mjini hana ngewa. Jina lake hutajwa kwa sauti ya chini, au halitajwi. Nilipokuwa mtoto nilicheka pamoja na wengine, na ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mkokoteni ulirefushwa ili chumba kifupishwe. Kilichoonekana chumbani ndicho hasa ambacho Mwangi, Maillu na Said Ahmed Mohamed wamethubutu kukiandika. Hivyo kila upande umeshika kipande: riwaya yaingia chumbani lakini haijui kurudi na kutoa hesabu, na ngewa yatoa hesabu hadi senti ya mwisho lakini yasimama mlangoni.

Jambo hili lina uzito wake darasani. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi watokao Makueni na Kitui ambamo mama ajaye kumtembelea mwanawe chuoni hugeuzwa kichekesho: anaogopa lifti, anawasalimu watu wote barabarani. Mwandishi wa insha amejifunza kwetu kumtazama mamaye kwa macho ya kondakta wa basi. Huwa nawarudishia insha hizo na swali moja tu: nani alimlipia nauli, na akirudi atawaambia nini?

Nami niliwahi kuuliza. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, nikajiona nimekomaa kiasi cha kumwuliza nyanya aliona nini katika chumba kile. Aliendelea kuchambua maharagwe yake kwa muda. Kisha akasema kwamba siku ile basi liliondoka Mutomo alfajiri, na kwamba alikuwa na kibuyu cha maji, kwa kuwa alikuwa ameambiwa Ilovi maji hununuliwa.