Anyanwu Mbele ya Doro

Waandishi wengi wa hadithi za kisayansi hujirahisishia kazi: shujaa huzaliwa na kipawa, akakua bila kujua, siku moja akaambiwa babaye alikuwa nani, basi. Kinachobaki ni mapigano. Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena mwaka 1947, mama yake akiwa mtumishi wa majumbani, aliichukua hadithi hiyo hiyo ya urithi akaipindua katika riwaya yake Wild Seed ya mwaka 1980. Sijaona aliyeipindua kwa ustadi zaidi.

Humo yumo Doro, aliyeishi maelfu ya miaka bila mwili wake mwenyewe. Huhamia mwili wa mtu mwingine, na mwenye mwili hufa. Hutafuta watu wenye vipawa na kuwaoza wao kwa wao, hata ndugu kwa ndugu, kama mfugaji anavyochagua madume. Mwaka 1690, baada ya kukuta kijiji chake kimoja kimeangamizwa na wasaka watumwa, anakutana na Anyanwu wa nchi ya Waigbo, mganga wa miaka mia tatu hivi, awezaye kugeuka chui, kijana au ajuza. Anamtaka kwa ajili ya uzao wake. Na yeye Doro ana meli. Naye huvusha watu bahari, Anyanwu akiwamo.

Nguvu za Anyanwu zinasisimua, lakini hazimwokoi. Anajigeuza pomboo, anatoroka, anajificha miaka mingi. Doro anamfuata mpaka Louisiana. Mwandishi mvivu angemzawadia kipawa kipya katika kurasa za mwisho. Butler anaziba njia za nguvu moja baada ya nyingine, mpaka linabaki jambo ambalo Anyanwu hakurithi kwa yeyote: anaamua kufa. Si kitisho. Amechoka kuishi na muuaji, na mwili unaomtii kwa kila umbo utamtii hata katika kufa. Doro, aliyezoea kuchukua, anajikuta akimlilia.

Hata hivyo ushindi ni nusu. Doro ataendelea kuua, maana ndiyo riziki yake. Anakubali tu kuwaacha hai waliokwisha kumtumikia. Wapo wanaoona mwisho huu mchungu mno. Mimi nausifu kwa uchungu huo huo. Tena unalingana na yajayo: Patternmaster, riwaya nyingine ya Butler iliyochapishwa mapema zaidi, mwaka 1976, inasimulia zama za mbali baadaye: uzao wa Doro umeshika utawala, na wasio na vipawa ndio watumwa wao.