Dawa Iko Wapi Ndani ya Duara?

Ndugu msomaji, kama unakaa mjini bila shaka umeshayaona haya makaratasi. Duara kubwa, ndani yake maduara mengine, na ndani ya hayo kuna petali za maua, pembetatu, macho na vitone, vyote vimeelekea kitovu kimoja. Unapewa penseli za rangi, unaambiwa jaza. Yanaitwa mandala, neno la Kisanskriti lenye maana ya duara. Hapa kwetu Kashai yaliletwa na dada mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam na bahasha imejaa fotokopi. Sisi ni vijana sita saba hivi, tunakutana Jumamosi jioni kusomeana hadithi tulizoandika, katika chumba cha kupanga chenye benchi mbili. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna anayesikia kitu. Dada akatueleza kwamba ukijaza duara moja kila siku roho inatulia, majeraha yanapona na ubunifu unafunguka. Eti hata mwandishi aliyekwama anakwamuka.

Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na sasa nakiri kilikuwa kicheko cha mtu aliyeguswa panapouma, kwa kuwa aliyekwama pale chumbani nilikuwa mimi.

Hebu nieleze. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Nilikuwa kidato cha pili. Watu 17 waliripotiwa kufa siku zile. Shule kama Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya, na mtaani kwetu kuna nyumba zilizobaki zimesimama lakini zimepasuka kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kulala ndani. Babu yangu alilala chini ya turubai msimu wote wa mvua za vuli. Mwanzoni mwa Novemba akaanza kukohoa, Januari akafariki. Hayumo katika ile 17. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa naandika riwaya ili nimwingize mahali fulani, na kila nikifika ukurasa wa arobaini na kitu riwaya inageuka hotuba. Wahusika wanasimama, wanakohoa kidogo kusafisha koo, wanaanza kuhutubia juu ya uwajibikaji. Nina mianzo minne ya namna hiyo kwenye sanduku.

Basi nilichukua karatasi moja ya yule dada kwa hasira tu, nipate kuikosoa vizuri.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa kuipasua kazi vipande viwili, fani na maudhui. Fani ni kikombe, maudhui ni chai. Mtihani unauliza chai: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa msanii. Kikombe kinapewa alama chache mwishoni kama mkono umebaki na muda. Nikaisomea ile mandala maswali yaleyale. Dhamira kuu? Hakuna. Mgogoro? Hakuna. Ujumbe kwa jamii? Hakuna kabisa. Nikaandika kwenye daftari: “Kikombe kitupu.” Nikaridhika na nafsi yangu. Ila wakati naandika hivyo nilikuwa nimeshajaza robo ya duara, na mkono wangu ulikuwa umetulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia kwa wiki nyingi. Hilo sikuliandika.

Wanaozisifu mandala hupenda kumtaja Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Ni kweli, Jung alichora mandala yake ya kwanza mwaka 1916, na karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa msimamizi wa wanajeshi wa Kiingereza waliozuiliwa huko Château-d'Oex, alikuwa akichora kiduara katika daftari lake kila siku. Alikuwa anatoka kwenye miaka migumu ya nafsi. Lakini angalieni jambo moja: Jung alichora. Hakujaza fotokopi iliyochorwa na mtu asiyemjua. Nao watawa wa Tibet hulaza mchanga wa rangi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wakimaliza wanaufagia wote na kwenda kuumimina majini. Sisi tunabandika ya kwetu ukutani kama cheti cha ubatizo.

Kuna jaribio moja ambalo watu wa mandala hulitaja nusu. Mwaka 2005, huko Marekani, watafiti Curry na Kasser walichukua wanafunzi 84 wa chuo, kwanza wakawatia wasiwasi kwa kuwakumbusha mambo ya kutisha, halafu wakawagawa makundi. Wengine walipaka rangi mandala, wengine miraba ya kupishana kama ile ya shuka, wengine wakapewa karatasi tupu wajichoree watakavyo. Waliopaka mandala walipungukiwa na wasiwasi. Hiyo ndiyo nusu inayosemwa. Nusu ya pili ni kwamba waliopaka miraba walipungukiwa nao karibu sawasawa. Basi duara halina uganga wowote! Shuka ya Mmasai ingetosha. Waliobaki nyuma ni wale wa karatasi tupu; walipewa uhuru, na uhuru haukuwatuliza.

Ndugu mwandishi chipukizi mwenzangu, jambo hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana mimi kila usiku nakaa mbele ya karatasi tupu nikidhani uhuru wake ndio utakaoniponya.

Hata hivyo sitaki kuwapaka mafuta. Kwenye madai ya kukuza ubunifu, mandala ya fotokopi naipa sifuri. Dada yetu amejaza zaidi ya sitini. Namshuhudia kwamba analala vizuri siku hizi na hasira zake zimepungua, wala hilo si dogo kwa mtu niliyemwona alivyorudi. Lakini hadithi zake ziko palepale, na mistari ya rangi yake ya sitini ni ileile ya kwanza. Kujaza ni kupumzika. Kuandika ni kitu kingine. James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, katika utafiti uliotoka mwaka 1986, waliwaandikisha wanafunzi matukio yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia waliinuka kwenye kiti wakiwa wabaya zaidi kuliko walivyokaa. Ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko wenzao. Dawa yenyewe chungu, jamani, tena inapimwa kwa saa.

Nilitaka uhakiki wangu uishie hapo. Kisha mjomba, ambaye ni dereva wa lori, akanipa nafasi ya kumsindikiza, tukapita Muleba na Biharamulo hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda. Mtu wa Kagera hawezi kupita daraja la Rusumo hivihivi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na mto huuhuu wa Kagera uliteremsha maiti hadi Ziwa Victoria. Mama yangu anasema alikaa muda mrefu bila kuonja samaki. Hiyo ni hadithi tuliyokulia nayo.

Ng'ambo ya daraja, wilaya ya Kirehe, pana mahali panaitwa Nyakarambi, na hapo ndipo nilipoiona imigongo kwa macho yangu. Ni michoro inayotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Kinafinyangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta membamba, kinaachwa kikauke, kinasuguliwa, halafu kinapakwa rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo. Zamani ilikuwa ya kuta za ndani ya nyumba, na masimulizi ya kwao yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi. Baada ya 1994 ilikuwa karibu kupotea. Wanawake wa ushirika, wakiwemo wajane, ndio walioifufua.

Nilisimama mbele ya ubao mmoja kwa muda mrefu mpaka mjomba akaanza kupiga honi. Msonge wa maumbo ya almasi, moja ndani ya jingine, yakiingia hadi katikati, weusi na weupe. Hakuna maiti. Hakuna panga, hakuna chozi, hakuna mtu hata mmoja. Kwa mtihani wetu ubao ule ungefeli vibaya kuliko mandala. Nikamwamkia mama aliyekuwa akifanya kazi pembeni, shikamoo, nikamwuliza kwa Kiswahili mchoro ule unasema nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kikombe kinasema nini. Akaniambia nisiguse, haujakauka.

Aibu ilinifanya niinamishe kichwa karibu zaidi, na hapo ndipo nilipoona. Tuta la pili kutoka katikati lilikuwa na kasoro, kidole kilitetereka kidogo. Aliyelitengeneza hakulibomoa. Tuta la tatu lilikuwa limefuata mtetereko uleule, likapinda pale lilipopinda jirani yake, la nne likafuata, na kufikia la sita kosa lilikuwa limekuwa sehemu ya mpango, huwezi tena kusema lilianzia wapi usipohesabu kurudi ndani. Nilihesabu mara mbili. Sasa niambieni, hiyo ni fani au ni maudhui? Mimi nimeshindwa kuipasua. Mkono uliotetereka umekubaliwa, ukapewa jirani, ukazungukwa. Kama kuna mahali dawa imekaa ndani ya sanaa hii, nadhani imekaa humo, na hakuna ujumbe wowote uliotamkwa.

Fotokopi haikupi nafasi hiyo. Mstari wake umeshanyooshwa na mashine kabla hujafika. Ukitoka nje ya mstari umekosea, basi, hakuna tuta la tatu la kuja kukupokea.

Niliporudi nyumbani nikaona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote. Bibi husuka vikapu vya kuzungusha: anaanzia kitovuni, analaza kifungu cha nyasi, anakifunga kwa ukindu, anazunguka, anaongeza, anazunguka. Mwaka ule aliofariki babu alisuka vingi mno, tukawa tunawagawia majirani. Sisi vijana tulisema Bibi anatafuta hela. Safari hii nilikaa naye barazani nikamwuliza kama kusuka kulimsaidia. “Mjukuu wangu,” akasema, “mikono ikikaa bure inaanza kumtafuta mtu.” Akaendelea kuzungusha. Vikapu vya mwaka ule vipo viwili bado. Kimoja kimependa upande, na mzunguko baada ya mzunguko umefuata ule upande mpaka ukingoni. Kinakaa vizuri tu na maharage ndani. (Na wale wanaosema sanaa ya duara imetoka Asia jana, nawaomba walale chali ndani ya nyumba ya msonge ya Kihaya watazame juu, pete kwa pete hadi kileleni.)

Nimeanza mwanzo wa tano. Sijauanza na ujumbe, nimeuanza na mpaka: kila sura ni usiku mmoja chini ya turubai, na kila sura lazima ianze na nani kalala wapi na kamba ipi imelegea. Ni hayo tu. Usiku wa tatu nilikosea, nikamlaza mama upande wa mlango ilhali usiku wa pili alikuwa kwa ndani. Zamani ningechana. Nimeuacha, na usiku wa nne mtoto mdogo anauliza kwa nini mama amehama, nikagundua kumbe ninajua kwa nini: alikuwa anamkinga babu na upepo. Sikuwahi kulikumbuka jambo hilo hadi lilipotoka kwenye kalamu. Nililia, siwafichi, na nilijisikia vibaya mpaka asubuhi.

Jumamosi iliyopita niliwasomea wenzangu usiku wa 52. Nimevuka ukurasa wa tisini na hakuna aliyesimama kuhutubia. Dada wa mandala alisikiliza huku anajaza duara lake, na nilipofika mahali fulani penseli ilisimama. Aliniuliza babu atakufa usiku wa ngapi. Nikamwambia usiku wa 53 ndio anaanza kukohoa, na bado sijauandika.